Siku ya mchujo: wapiga kura hufika, vituo ndivyo visivyokuwa tayari

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, Wakenya watapiga kura katika uchaguzi mkuu tarehe 10 Agosti 2027, na miezi michache kabla ya hapo vyama vitafanya mchujo wa wagombea wake. Nimeona tuuzungumzie mchujo huo mapema, kabla majina ya wagombea hayajatugawanya, kwa sababu kila msimu tunaulalamikia kwa majuma mawili kisha tunausahau hadi msimu mwingine unapotukuta katika foleni zilezile.

Hoja yangu nitaitaja mwanzoni ili asiyekubaliana nayo ajue pa kuanzia kuipinga. Tumezoea kueleza idadi ya waliojitokeza kwa kuangalia tabia ya mpiga kura: wakiwa wengi tunasema wamehamasika, wakiwa wachache tunasema wamekata tamaa au ni wavivu. Mimi nasema kwamba katika mchujo idadi hiyo kwa sehemu kubwa huamuliwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, katika ofisi za chama, na watu wanaoamua karatasi ngapi zichapishwe, vituo vingapi vifunguliwe na daftari gani litumike. Chama kisichojua wanachama wake ni akina nani hakiwezi kujua kitapokea wapiga kura wangapi, na matokeo yake ni kwamba mtu aliyeamka alfajiri kwenda kutimiza wajibu wake hugeuka kuwa tatizo la usalama kufikia jioni.

Kwa wasioishi Kenya, ni vyema nieleze kwa nini siku hii ina uzito wote huo. Katika kaunti nyingi chama kimoja ndicho kinachotawala hisia za watu, na anayepata tiketi ya chama hicho huwa ameshavuka mto. Uchaguzi mkuu unabaki kuwa wa kuthibitisha. Kwa hiyo mwananchi wa ngome ya chama anayetaka kumwondoa diwani mzembe au mbunge aliyetoweka ana siku moja tu ya kufanya hivyo, nayo ni ya mchujo. Siku hiyo si ya mapumziko. Uchaguzi mkuu hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa sikukuu, waajiri hufunga, magari huwapeleka watu vijijini, lakini siku ya mchujo kibarua wa shamba la chai, mama wa mboga na kijana wa bodaboda hupoteza pesa za siku hiyo kwa kusimama foleni. Mtu anayekubali hasara hiyo hawezi kuitwa mvivu.

Tuangalie yaliyotokea Ijumaa, tarehe 21 Aprili 2017. Chama cha Jubilee kilianza mchujo katika kaunti kadhaa, na kabla ya siku kwisha kilikuwa kimeufuta na kuupangia tarehe nyingine. Raphael Tuju, aliyekuwa akiongoza sekretarieti ya chama, alieleza kwamba waliojitokeza walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa na vifaa havikutosha. Maelezo hayo yanastahili kufikiriwa kwa utulivu, kwa sababu yana maana kwamba chama kilichokuwa madarakani, chenye magari, fedha na wataalamu, kilishindwa kukadiria ni watu wake wangapi wangefika kumchagua mgombea wao. Waliopiga kura siku hiyo walitumia kitambulisho cha taifa na daftari la tume ya uchaguzi, yaani IEBC, ambalo lina majina ya Wakenya wote waliojiandikisha, wa chama hiki na wa vyama vingine. Ukifungua mlango kwa daftari zima huku umechapisha karatasi za sehemu ya daftari, upungufu ni lazima utokee.

Baada ya kurudiwa, mchujo huo ulionyesha tofauti kubwa kati ya eneo na eneo. Katika kaunti ya Kiambu, kwa tiketi ya ugavana, Ferdinand Waititu alipata kura 353,604 dhidi ya 69,916 za William Kabogo, aliyekuwa gavana wakati huo. Wawili hao peke yao walikusanya zaidi ya kura 423,000 katika kaunti iliyokuwa na wapiga kura takriban milioni 1.18 katika daftari la tume. Katika Nairobi, ambako daftari lilikuwa na takriban milioni 2.25, kwa tiketi hiyohiyo ya ugavana Mike Sonko alipata 138,185 na Peter Kenneth 62,504, jumla ya kura kama 200,000 kwa wawili wa kwanza. Msomaji wa haraka atasema kwamba watu wa Kiambu wanapenda kupiga kura kuliko watu wa Nairobi. Lakini Nairobi ni mji wenye wafuasi wa vyama vingi, na mamia ya maelfu ya waliokuwa katika daftari hilo hawakuwa na sababu yoyote ya kushiriki mchujo wa Jubilee. Ukweli ni kwamba asilimia ya waliojitokeza katika mchujo huo haiwezi kukokotolewa kabisa, kwa kuwa hatuna idadi ya waliostahili kujitokeza. Tunajua waliopiga kura, hatujui walikuwa sehemu ya wangapi. Kila asilimia inayotajwa redioni jioni ya mchujo imegawanywa kwa daftari lisilohusika.

Sasa niseme niliyoyaona katika kituo changu, bila kukitaja chama wala eneobunge, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu. Kituo ni shule ya msingi ambayo siku ya uchaguzi mkuu huwa na vyumba kadhaa vya kupigia kura. Siku ya mchujo palifunguliwa chumba kimoja. Watu wa kwanza, wengi wao wazee na wanawake waliotaka kuwahi kazi za nyumbani, walikuwa langoni saa kumi na moja alfajiri. Maafisa walifika baada ya saa saba mchana wakiwa na masanduku, na yalipofunguliwa ikaonekana kwamba karatasi za mbunge zipo, za gavana zipo, za diwani ni za wadi ya jirani. Msimamizi, mwalimu kijana aliyeajiriwa kwa siku hiyo na aliyekuwa amejitahidi kwa kila hali, alipiga simu nyingi bila kupata jibu. Mawakala wa wagombea wakaanza kubishana: wako waliotaka kura za mbunge ziendelee, na wako waliosema asiguse mtu karatasi hadi zote zikamilike. Upigaji kura ulianza jua likielekea kuzama. Wengi wa wale wazee walikuwa wameshaondoka, na waliobaki walikuwa vijana wenye nguvu, wengi wao wakiwa wameletwa na kulishwa na wagombea. Kura zilihesabiwa usiku kwa mwanga wa simu.

Tazameni nini kilitendeka hapo. Hakuna aliyemzuia mzee yeyote kupiga kura. Hakuna aliyemtisha. Kuchelewa kwa masanduku peke yake kulibadilisha ni akina nani waliomchagua mgombea wa eneo letu, na kulibadilisha kwa manufaa ya mgombea mwenye pesa za kuwaweka vijana uwanjani hadi usiku. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tusihesabu waliojitokeza kwa kuangalia waliopiga kura tu. Waliofika wakaondoka nao walijitokeza, lakini hakuna fomu yoyote ya chama inayowahesabu.

Jambo la idadi ya vituo nalo linahitaji kutazamwa. Mwaka 2017 tume ilikuwa na vituo 40,883, na kila kimoja hakikuruhusiwa kuzidi wapiga kura 700. Kiwango hicho kiliwekwa ili foleni iweze kumalizika kabla ya saa kumi na moja jioni. Chama kinapounganisha vyumba vitatu au vinne kuwa kimoja ili kupunguza gharama za maafisa, kinakuwa kimekubali kwamba sehemu ya watu hawatafikiwa, hata masanduku yakifika kwa wakati.

Naomba michango, hasa ya wenye uzoefu wa nchi nyingine zenye utaratibu tofauti.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Mkuu, ahsante kwa uzi uliotulia. Kwetu Tanzania mchujo wa Chama Cha Mapinduzi tunauita kura za maoni, na historia yake inagusa moja kwa moja hoja yako ya daftari la wanachama.

Mwaka 2010 chama kiliamua kwamba kura za maoni za ubunge na udiwani zipigwe na wanachama wote katika matawi yao, badala ya wajumbe wachache. Mwanachama alikwenda na kadi yake. Uamuzi huo ulipokewa kwa furaha na watu wa chini, kwa kuwa ulionekana kuwa dawa ya rushwa: ni rahisi kuwahonga wajumbe mia kadhaa, ni vigumu kuwahonga wanachama maelfu. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Hata hivyo, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kadi. Kila upande ulidai kwamba upande mwingine umegawa kadi mpya usiku wa kuamkia kura, na daftari la tawi, ambalo lilikuwa la kuandikwa kwa mkono, halikuweza kumaliza ubishi huo.

Mwaka 2020 wapiga kura wa ubunge walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Mwezi Julai tuliona kura zikihesabiwa hadharani, karatasi moja baada ya nyingine ikiinuliwa mbele ya wajumbe na wagombea. Kwa upande wa uwazi wa kuhesabu, nadiriki kusema kwamba sijaona kitu kizuri kuliko kile. Kwa upande wa kujitokeza, ukumbi ulijaa karibu wajumbe wote, kwa hiyo ukitaka asilimia unayo, nayo ni kubwa. Lakini ni ya wachache, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilikuwa na kazi ya kuwafuatilia watu waliowafuata wajumbe majumbani. Halafu kuna jambo ambalo Wakenya hawalizoei: anayeongoza kura za maoni hajateuliwa bado, kwa sababu vikao vya juu vya chama ndivyo vyenye neno la mwisho, na mwaka 2020 wako walioongoza majimboni ambao majina yao hayakurudi.

Mpangilio huo una mizizi mirefu. Katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, mkutano wa wilaya wa TANU ulipiga kura ya kuonyesha upendeleo miongoni mwa waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo, kisha wananchi wote wakachagua mmoja kati yao, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Kwa namna hiyo wananchi ambao hawakuingia katika ukumbi wa mchujo walibaki na kura yenye maana baadaye. Baadhi ya mawaziri walianguka mwaka ule. Nauliza tu, mkuu: je, si afadhali mchujo wa wachache wenye utaratibu, iwapo uchaguzi unaofuata ni wa kweli, kuliko mchujo wa wote usio na karatasi za kutosha?

Mleta mada

Ndugu wa Dodoma, swali lako ni zito na nimelitafakari. Jibu langu ni kwamba sharti uliloliweka mwishoni ndilo linalokosekana katika maeneo ninayoyazungumzia. Mwaka 1965 mwananchi alipewa chaguo la wawili baada ya chama kumaliza kazi yake. Katika ngome ya chama nchini Kenya leo, baada ya wajumbe kumaliza kazi yao, mwananchi hubaki na mgombea mmoja mwenye nafasi ya kushinda. Kweli kuna wagombea huru, na Katiba ya 2010, kifungu cha 85, inawaruhusu mradi wasiwe wanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Lakini njia hiyo ni ngumu. Kabogo niliyemtaja alisimama kama mgombea huru mwezi Agosti 2017 akashindwa tena na Waititu.

Kuhesabu hadharani, karatasi ikiinuliwa, nakubaliana nawe kwa moyo wote. Hilo halihitaji fedha wala teknolojia, na kila chama kinaweza kuliiga kesho.

Mchangiaji aliye Minnesota

Wakuu, nimeishi Marekani muda mrefu na ningependa kuongeza mfano mmoja wa huku, kwa sababu watu wa nyumbani hudhani foleni ndefu ni tatizo la nchi maskini.

Tarehe 22 Machi 2016, jimbo la Arizona lilifanya mchujo wa wagombea urais. Katika kaunti ya Maricopa, ambayo ndani yake kuna jiji la Phoenix, maafisa walifungua vituo 60 tu, wakati mwaka 2012 vilikuwa zaidi ya 200. Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana matumizi na imani kwamba wengi wangepiga kura mapema kwa posta. Ukigawanya wenye haki ya kupiga kura kwa vituo hivyo, kila kituo kilikuwa na zaidi ya watu 20,000. Linganisheni na kile kiwango cha 700 alichokitaja mleta mada. Watu walisimama kwa muda wa saa nne, hata tano, na wako waliopiga kura baada ya usiku wa manane. Helen Purcell, afisa wa kaunti aliyehusika na uchaguzi, alikiri makosa, na mwezi Novemba mwaka huohuo wapiga kura walimwondoa.

Sehemu ninayotaka muizingatie ni hii. Mchujo ule uliwahusu waliojiandikisha kuwa wafuasi wa chama tu. Aliyejiandikisha bila chama hakuruhusiwa. Wengi wa kundi hilo walifika hata hivyo, ama kwa kutojua ama kwa kuamini kwamba walikuwa wamebadilisha usajili wao, na kila mmoja alipaswa kuhudumiwa, kuelezwa na kupewa karatasi ya muda ambayo mara nyingi haikuhesabiwa. Foleni ikazidi kurefuka nyuma yao. Kwa hiyo daftari la wanachama, hata likiwa safi kama la huku, lisipofahamika kwa wananchi kabla ya siku yenyewe linaweza kuongeza foleni badala ya kuipunguza.

Mfano mwingine ni Milwaukee, tarehe 7 Aprili 2020, wakati wa korona: jiji ambalo kwa kawaida hufungua vituo kama 180 lilifungua vitano, kwa sababu wasimamizi, wengi wao wazee, waliogopa ugonjwa. Watu walipanga foleni wakiwa wamevaa barakoa, na umbali baina yao ukaifanya foleni izunguke mitaa mizima.

Na bado, hata katika hali nzuri, mchujo wa huku hauvuti wengi. Mwaka 2016, ambao ulikuwa na msisimko mkubwa katika vyama vyote viwili, waliopiga kura katika mchujo wa urais nchi nzima hawakufika asilimia 30 ya waliokuwa na haki. Ninyi mnaozungumzia watu waliofika wengi kupita kiasi, mnalo jambo ambalo maafisa wa huku wangelitamani.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Nimesoma yote kwa makini na napenda kupinga sehemu moja kwa heshima. Mleta mada anaona daftari la wanachama kuwa tiba. Mimi nimeishi muda wa kutosha kukumbuka daftari la wanachama lilivyotumika, na ningependa vijana wajue.

Mwezi Agosti 1986 mkutano wa wajumbe wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa nchini Kenya wakati huo, uliidhinisha mlolongo. Katika mchujo wa Februari 1988, mwanachama hakupewa karatasi. Alisimama mchana kweupe nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mgombea, na afisa akahesabu vichwa. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alipita moja kwa moja, bila kura ya siri kupigwa. Walioruhusiwa kusimama walikuwa wenye kadi za KANU peke yao. Hapo ndipo kadi ilipogeuka kuwa fimbo: katika miaka ile vijana wa chama walisimama sokoni na katika vituo vya mabasi wakidai kadi, na mtu asiyekuwa nayo hakupita. Viongozi wa makanisa, wakiwemo maaskofu wa Kianglikana Alexander Muge na Henry Okullu, walipinga mlolongo waziwazi, wakisema mchungaji au mwalimu hawezi kujipanga hadharani nyuma ya mgombea bila kuwagawa watu anaowahudumia. Watu wa namna hiyo wakakaa nyumbani. Hilo nalo ni suala la kujitokeza: mwananchi alizuiwa na aibu na hofu, wala si upungufu wa karatasi. Mlolongo uliondolewa mwishoni mwa 1990, baada ya kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti kuzunguka nchi na kusikia hasira za watu.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Kisiasa alipowawezesha wananchi kuangalia usajili wao kwa njia ya mtandao, Wakenya wengi waligundua kwamba ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Wengine walikuta majina yao katika vyama ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Daftari la namna hiyo likitumika kama ufunguo wa chumba cha kura, atakayelishika atachagua wapiga kura wake. Sheria ya Vyama vya Kisiasa iliyorekebishwa mwaka 2022 inatambua njia mbili, ya wanachama wote na ya wajumbe, na mwelekeo wake ni kwamba mshiriki awe mwanachama aliyesajiliwa. Kwenye karatasi ni safi. Lakini mwaka huohuo tuliona tiketi nyingi zikitolewa moja kwa moja, bila mchujo wowote, na chama kinachoogopa wapiga kura wake hakikosi sababu.

Pendekezo langu ni jingine. Sheria ya Uchaguzi tayari inaruhusu chama kuiomba IEBC isimamie mchujo wake. Vyama vyote viombe, siku iwe moja, vituo viwe vilevile vya uchaguzi mkuu, na mwananchi achague kituoni karatasi ya chama kimoja tu, kisha kidole kitiwe wino. Hakuna haja ya kadi, na hakuna anayeweza kupiga kura katika michujo miwili.

Mleta mada

Mzee wangu wa Kisumu, shikamoo. Historia uliyoileta ilihitajika katika uzi huu, na ningependa kila anayepita hapa aisome kabla ya kuchangia.

Pendekezo la siku moja chini ya tume linanivutia, hasa kwa sababu linaondoa lile kosa la karatasi: tume inachapisha kwa kufuata daftari lake, kwa vituo vyake, na ina maghala, magari na watu waliofunzwa. Wasiwasi wangu uko katika mambo mawili. Kwanza, mtu wa chama pinzani katika ngome ambayo chama chake hakina mgombea atapewa nafasi ya kumchagua mgombea dhaifu wa chama kikubwa, na mchujo utakuwa si wa wanachama tena. Hilo wengine watalikubali, na mimi ningeweza kulivumilia pale ambapo mchujo ndio uchaguzi wenyewe, kwa kuwa kila mkazi anayetozwa ushuru na kaunti anastahili sauti juu ya gavana wake. Pili, na hili linanisumbua zaidi, kuchagua karatasi ya chama mbele ya karani na mawakala ni kujitangaza. Kijijini ambako chifu, mwajiri na jirani wako wote wako uwanjani, kutaja chama kwa sauti hakutofautiani sana na kusimama nyuma ya picha.

Kwa hiyo bado naliona daftari kuwa la lazima, ila si daftari linalokaa katika kompyuta ya katibu wa chama. Namaanisha daftari ambalo mwananchi mwenyewe amelithibitisha kwa simu yake, lililofungwa siku zinazojulikana kabla ya mchujo, na kubandikwa ukutani katika kila kituo kama tume inavyobandika lake, ili mtu asiyeliona jina lake alalamike kabla ya siku badala ya kulalamika langoni. Uthibitisho huo ungejibu pia tatizo la Arizona alilotueleza ndugu yetu wa Minnesota. Pamoja na daftari, chama kitangaze hadharani idadi ya karatasi zilizopelekwa kila kituo. Sioni sababu ya idadi hiyo kuwa siri. Mgombea akiijua, atapiga kelele juma moja kabla, wakati bado kuna nafasi ya kuchapisha nyingine.

Na kituo kikichelewa kufunguliwa, muda uliopotea uongezwe kesho yake asubuhi, usiongezwe usiku. Hili la mwisho ningeliweka katika sheria hata kama mengine yote yatakataliwa. Kuongeza saa za usiku kunaonekana kuwa haki, kumbe ni kuwaondoa wanawake, wagonjwa na wazee kwa njia ya upole.

Nina ombi kwa wote waliowahi kushiriki mchujo wowote, wa 2013, 2017 au 2022, katika kaunti yoyote. Andikeni hapa mwaka, kaunti, saa ambayo watu walianza kufika, saa ambayo kura ya kwanza ilipigwa, na kama karatasi zilitosha. Msitaje chama wala mgombea. Nitazipanga taarifa hizo kwa kaunti na kuziweka juu ya uzi huu.

Mchangiaji kutoka Kilifi

Naanza mimi. Mwaka ni 2022, kaunti ya Kilifi, kituo kiko katika shule ya msingi iliyo mbali na barabara ya lami. Watu walianza kufika baada ya swala ya alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kwa hiyo gari la masanduku lilikwama njiani, na vijana wa kijiji ndio waliokwenda kulisukuma huku wakisindikizwa na askari. Kura ya kwanza ilipigwa karibu saa sita mchana. Karatasi zilitosha, lakini kwa sababu nusu ya watu walikuwa wamerudi makondeni. Mvua za masika zikishaanza hapa kwetu, siku ya kupanda haisubiri. Wangerudi wote, sidhani kama zingetosha.

Jambo moja nililoliona linafaa kuwekwa katika orodha yako: karani wetu alikuwa na daftari la karatasi, na kila mtu aliyefika asubuhi akakuta hapajafunguliwa aliandikwa jina na namba ya foleni katika daftari la shule na mwalimu mmoja wa pale, kwa hiari yake. Waliorudi jioni walipewa nafasi zao bila ugomvi, na mawakala wa pande zote waliukubali utaratibu huo. Ukurasa ule ndio kumbukumbu pekee ninayoijua ya watu waliofika wakaondoka, na ukilinganisha majina yake na yale yaliyotiwa alama katika daftari la kupigia kura, unapata idadi uliyosema haipatikani. Mawakala wangeweza kufanya hivyo katika kila kituo kwa kalamu na daftari la mazoezi.